Naomba ushauri: kuunganisha miraba ya vitenge bila ncha kumezwa

Ndugu mafundi, ninashona upande wa juu wa mfarishi (tandiko la vipande vya nguo lenye tabaka) kwa miraba ya vitenge, kila mmoja ukiwa wa pembetatu mbili, na sasa nataka kuiunganisha safu kwa safu. Kwa kuwa ukingo mrefu wa pembetatu hukatwa mshazari na huvutika chini ya cherehani, miraba inatofautiana kidogo, na ncha nyingine humezwa na mshono wa robo inchi. Je, niipunguze yote ilingane kwanza? Na mishono niilaze kwa pasi kuelekea pande zinazopingana ili ishikane vizuri, au niifungue pande mbili? Sijavifua vitenge, maana wanga wake hurahisisha ukataji, ila nahofia nyekundu kuchujia nyeupe baadaye.