Naomba ushauri: nimpe mama mkimbizi chumba cha uani, au ninajitafutia balaa?

BiMkubwa_Kisauni:
Hamjambo wapendwa. Kanisani kwetu kuna mama Mkongomani, ametokea Uvira, mashariki ya Kongo, na watoto watatu, anazungusha vitenge majumbani. Mwenye nyumba amemtilia kufuli kwa deni la kodi, magodoro yamo ndani. Sasa wanalala chumba cha shule ya Jumapili. Kamati imesema ikifika mwisho wa mwezi atoke, eti viti vinahitajika na kanisa si gesti. Tukapiga sala ndefu, tukaenda kunywa chai.

Nina chumba cha uani, kijana wangu alihama alipooa. Roho yangu yataka nimpe. Mume wangu hataki kusikia: askari wakija usiku tutawaambia nini? Na ndugu zetu kijijini Kaloleni wana njaa, mbona hao hatuwaleti? Hilo la pili limenishinda kujibu. Nisaidieni, hasa mliowahi kukaa na mgeni wa namna hii.

Kazamoyo:
Mumeo ana hoja, msimfanye hana imani. 1 Timotheo 5:8 imo kwenye Biblia hiyo hiyo: asiyetunza walio wake ameikana imani. Vijana wetu wamejaa maskani hawana kazi. Na kambi za wakimbizi zipo, Dadaab na Kakuma, tangu miaka ya 1990. Kwa nini asikae huko?

Mzalia_wa_Kengeleni:
Kazamoyo, wajua hapo Kisauni kanisa lilianzaje? Frere Town, hapo hapo Kisauni, ilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kanglikana, ili kuwapa makao watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wayao, Wanyasa, Wamakua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na shamba la babu hapa. Mimi ni kitukuu chao, na leo naitwa mwenyeji!

Hata hofu ya askari si mpya. Watumwa watoro wa mashamba ya pwani walikimbilia misheni ya Rabai, wenye watumwa wakaja juu, na wakubwa wa Kiingereza wenyewe wakawakemea wamisionari kwa kuhifadhi watoro. Mambo yalitulia pale Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alipowalipa mabwana fidia, mwaka 1888 kuingia 1889, na watu zaidi ya 1,000 wakapewa hati za uhuru. Kwa hiyo, Bi Mkubwa, chumba mpe, lakini karatasi nazo zifuatilie.

Kuhusu Kaloleni, nani amekuzuia kupeleka gunia la unga? Peleka. Ila chumba kitupu kiko Kisauni na asiye na pa kulala yuko Kisauni. Walawi 19:34 inasema mgeni awe kama mzalia, haikungoja wazalia washibe kwanza.

SheriaMtaani:
Kabla ya aya za Biblia, omba kuona karatasi zake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtaka anayeomba hifadhi ajiandikishe ndani ya siku 30 tangu aingie nchini. Akiwa na kadi halali, kumpa chumba si kosa. Akiwa hana kitu, usimfiche. Nenda naye Idara ya Huduma za Wakimbizi ya serikali. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, nao wana ofisi hapa Mombasa na hawatozi wasiojiweza. Ndio waliokwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 agizo la serikali la kuwarudisha kambini wakimbizi wote wa mijini likafutwa.

Angalia pia kadi imeandikwa wapi. Ikiwa ni ya kambini, anatakiwa awe na kibali cha kutoka.

BinSeif:
Mimi Muislamu, napita tu. Madrasa tulisomeshwa kwamba kabla ya kuhamia Madina, masahaba wa Mtume walikimbilia Habasha (Uhabeshi) kwa Najashi, mfalme Mkristo. Makureshi, wakubwa wa Makka, wakatuma wajumbe na zawadi ili awarudishe, akakataa. Halafu leo kanisa linagombania viti? Yakhe! Bi Mkubwa, ukimpa chumba niambie, nina kitanda cha futi nne kimekaa bure.

BiMkubwa_Kisauni:
Ahsanteni. Kitanda nimekipokea kabla hakijafika. Nimemuuliza: kadi anayo, ni ya Kakuma, kibali kimekwisha. Alitoka kwa sababu mtoto wake wa mwisho ana pumu na vumbi la kule lilimzidi. Mume wangu amezisoma jumbe hizi akiwa nyuma yangu. Anasema mzee wa mtaa aambiwe wazi, karatasi zishughulikiwe, basi hatazuia. Lakini mpaka Pasaka tu.

Kazamoyo:
Mpaka Pasaka, sawa. Tokeni za stima atanunua nani? Mkubaliane kabla hajahamia, maana hapo ndipo wengi hugombana. Na huyo mwenye nyumba aliyefunga magodoro, kamati imtume mzee wa kanisa akazungumze naye. Hiyo haihitaji kiti hata kimoja.