Ushauri: niandikeje aina za treni za SGR (reli ya kisasa) kati ya Morogoro na Dar es Salaam?

Mkazi wa Kihonda: Habari zenu wanajukwaa. Husafiri mara kwa mara kikazi kati ya Morogoro na Dar es Salaam, nami nimeanza daftari la kuandika ni treni gani imetubeba: mchongoko, yaani treni ya pua iliyochongoka inayojiendesha yenyewe, au mabehewa yanayovutwa na kichwa, yaani injini ya mbele. Tatizo ni kwamba safari ya saa ileile leo hupewa mchongoko na wiki ijayo mabehewa, hivyo kurasa zangu hazionyeshi mpangilio wowote. Naomba mnishauri niandike nini hasa, na nizitambueje ninapopanda alfajiri bila kuona mbele ya treni.

Fundi Mstaafu: Ndugu, waya wa juu hautakusaidia, kwa kuwa zote mbili hutumia umeme wa kilovolti 25. Sikiliza sakafu. Mchongoko una mabehewa manane na mota zake zimegawanywa chini ya baadhi yake, kwa hiyo ukikaa juu ya mojawapo utasikia mvumo treni inapoondoka, ilhali kwenye treni ya kichwa sauti hiyo hubaki mbele. Mwisho wa safari, dereva wa mchongoko huhamia tu chumba cha upande wa pili. Kichwa hufunguliwa kikapelekwa upande mwingine wa mabehewa.

Binti Soga: Mbona mnajisumbua? Tiketi ikiandikwa treni ya haraka, huo ndio mchongoko.

Fundi Mstaafu: Hapana, dada yangu. Haraka maana yake ni kuruka vituo, na hata mabehewa ya kichwa yanaweza kuviruka.

Mpenda Reli: Mkuu, fuata seti, yaani treni yenyewe nzima, usifuate saa. Andika namba iliyo kwenye mwili wa treni, ilikotoka kabla ya kukuchukua, na inakokwenda baada yako, kwa sababu seti iliyochelewa kutoka Dodoma huharibu mgawo wa safari zinazofuata, na hapo nyingine hupewa kazi yake. Kama unajazia safari za zamani, kumbuka kuwa njia hii ilianza kubeba abiria tarehe 14 Juni 2024, na mchongoko tarehe 1 Novemba mwaka huohuo; za katikati yake zote ni mabehewa ya kichwa. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa kwa wahudumu kwanza.

Mkazi wa Kihonda: Nashukuru sana. Nitaongeza safu ya namba na ya ilikotoka, ila saa nitaendelea kuiandika, maana bila hiyo sitajua seti ipi ilichelewa.