Honda C90 ya zamani: nibaki na pointi, nifunge sensa au nitie injini ya CDI?

Mpanda Milima, Mbale
Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu. Nina C90 ya volti 6, ile yenye pointi (swichi ndogo inayofunguka ili plagi ipige moto) kwenye kichwa cha injini, baba aliniachia. Asubuhi inawaka vizuri, ila siku nyingine kiki inarudisha mguu kwa nguvu. Nikipanda kwenda Kapchorwa, kabla ya Sipi inaanza kugonga ndani kama kokoto kwenye kopo, joto linapanda, nguvu zinakwisha. Nikisimama, inanguruma juu juu na haitaki kushuka.

Fundi amebadilisha pointi, kondensa na plagi. Akapima na balbu: alama ya F ya magneti (gurudumu la sumaku la injini) ikilingana tu na mstari wake, balbu inawaka. Taimingi, yaani wakati plagi inapopiga moto, ni sahihi kabisa, na bado inagonga. Nimeshauriwa mambo matatu: kubaki na pointi, kufunga sensa ya kielektroniki mahali pa pointi, au kutoa injini yote na kuweka ya Kichina ya cc 110 yenye CDI, ule moto wa kielektroniki usio na pointi. Mngekuwa nyinyi mngefanya lipi?

Boda Mstaafu, Bombo
Pole ndugu. Mimi niliweka injini ya 110 na sijajuta. CDI yake inachukua umeme kwenye koili ya magneti, kwa hiyo hata betri ikifa pikipiki inawaka. Hakuna pointi za kusugua kila mwezi, na spea zake zipo hata vijijini. Uwe tayari tu kwa volti 12: betri, balbu zote na honi vinabadilika.

Spana Kumi, Katwe
Mzee wa Bombo amesema kweli kwa mtu wa kazi. Lakini huyu ameachiwa na baba yake, tusiharakishe kumtoa injini.

Mpanda Milima, balbu haijakudanganya. Imekuonyesha moto unaanzia wapi injini ikiwa imesimama, basi. Haiwezi kukuonyesha moto unakwenda wapi injini ikizunguka. Nyuma ya sahani ya pointi kuna advansa: vyuma viwili vidogo vinavyoshikwa na springi mbili. Mwendo ukipanda vinafunguka na moto unawahi; mwendo ukishuka springi zinavirudisha. Springi ikilegea, moto unawahi hata injini ikinguruma polepole. Ndiyo maana inanguruma juu, kiki inarudisha, na mlimani inagonga wakati inavuta taratibu kwa mzigo.

Tafuta taa ya taimingi, ile inayomulika kila plagi inapopiga moto. Nyingi zinataka volti 12, kwa hiyo azima betri ya pikipiki ya Boxer ya jirani uiweke chini pembeni. Waya wa kushika moto ndio unaobana kwenye waya wa plagi. Mulika magneti. Ikinguruma polepole, F lazima ikae kwenye mstari wake.

Mama Gereji, Jinja
Naongeza kwa Spana Kumi, kwa sababu hapa watu wengi wanapotea. Ukimulika, angalia F inafanya nini. Ikiwa imehamia upande wa kuwahi na inabaki huko, hiyo ni advansa. Ikiwa inachezacheza huku na huku, shuku cheni ya kemu (shafti inayofungua vali) iliyolegea, maana pointi za C90 zinakaa kwenye kemu.

Na usimruhusu mtu "kurekebisha" kwa kupanua uwazi wa pointi. Kaa kati ya milimita 0.3 na 0.4, upime kwa fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi. Ukipanua, moto unawahi zaidi. Ule mguu wa pointi unaosugua kwenye kemu ukilika, uwazi unapungua na moto unachelewa. Kwa hiyo tia grisi kidogo sana kwenye kemu, kiasi cha punje ya mchele, isije ikarukia pointi.

Mtu wa Arua
Kuhusu sensa, ndugu yangu, nilifunga kwenye CB125 yangu. Cheche ni nzuri na hakuna cha kuungua. Lakini ugonjwa wangu ulikuwa kama wako na haukupona, kwa sababu sensa ile inazungushwa na advansa ile ile ya zamani. Nililipa kwanza, nikajua baadaye. Fungua advansa kabla hujatoa hela.

Mpanda Milima, Mbale
Nimerudi. Jumamosi tumemulika: injini inanguruma, F imeshapita mstari, na haikurudi hata tulipopunguza mafuta. Tulipofungua, springi moja ilikuwa imekatika kwenye ndoano, kipande kimebaki kimening'inia kwenye pini. Nyingine imevutika, pete zake zimeachana. Chuma kimoja kilikuwa kimekwama kwa kutu. Tumekisafisha kwa msasa laini na tone la mafuta mpaka kikarudi chenyewe.

Nimepata springi kwenye injini mbovu ya C90, tumefunga zote mbili, pointi nimeziacha kwenye 0.35. Jana nimepanda hadi Sipi na mtoto nyuma. Haikugonga. Nilipozima kununua ndizi, nikapiga kiki moja ikawaka.

Sensa nitaifikiria baadaye. Injini ya baba haitoki. Mama Gereji, cheni ya kemu ina sauti kidogo ikiwa baridi, nikaze sasa au nisubiri?

Mama Gereji, Jinja
Kaza sasa, mwanangu, kisha umulike tena. Cheni ikikazwa, F inaweza kusogea.