Nani aliua viwanda vya nguo vya Jinja? Mjadala uko wazi

Mleta mada

Wakuu, kila mitumba inapojadiliwa, Jinja haikosi kutolewa mfano. Hadithi yenyewe tunaijua: mji ulikuwa unaivisha Uganda, Amin akawafukuza Wahindi 1972, mitumba ikaja kumalizia kilichobaki. Basi pigeni marufuku mitumba na mashine zitanguruma tena. Rais Museveni naye alitangaza marufuku hiyo Agosti 2023, akisema hizo ni nguo za marehemu. Mimi naona hadithi hii inaruka nusu ya mambo, tena nusu yenye jibu.

Waingereza walihamishia makao ya utawala wao wa Busoga, eneo la mashariki mwa Uganda, kutoka Iganga kwenda Jinja mwaka 1901, pale Nile inapotoka Ziwa Victoria. Hawakwenda kujenga viwanda. Malale ilikuwa inateketeza watu wa ufukweni, na serikali ikaishia kuwahamisha kwa amri walionusurika. Mbegu za pamba zilizoanza kugawiwa 1903 zilikuwa kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza. Reli ya 1912, Jinja hadi Namasagali, ilifuata pamba hiyohiyo: robota linatoka kwa mkulima, linachambuliwa, linapanda treni hadi Jinja, linaingia melini kuvuka ziwa mpaka Kisumu, treni tena mpaka Mombasa, ndipo linaondoka. Likirudi, linarudi ni kitambaa, na mkulima yuleyule ananunua. Zaidi ya miaka arobaini Jinja ilikuwa gati tu ya pamba ya wenyewe.

Kiwanda kilikuja na bwawa. Shirika la Maendeleo la Uganda liliundwa 1952 enzi za gavana Andrew Cohen, Malkia Elizabeth akafungua bwawa la Owen Falls Aprili 1954, na miaka hiyohiyo kikasimama Nyanza Textile, maarufu NYTIL, kwa ushirika na Calico Printers' Association ya Manchester. Angalia mpangilio huo vizuri. Umeme ulikuwa mwingi kuliko wateja, hata mwingine ukauzwa Kenya. Ilibidi watafutwe wa kuutumia. Kiwanda kikasimama juu ya mafiga matatu: umeme rahisi, pamba ya jirani, na soko la nchi tatu zisizotozana ushuru. Nauliza: Amin aliangusha figa lipi? Na je, marufuku ya mitumba inarudisha lipi?

Mchangiaji, Jinja

Mleta mada, unamwonea huruma Amin bila sababu. Aliwapa Wahindi siku tisini tu waondoke! Wenye mitaji, mafundi mitambo, wahasibu na wenye maduka ya Main Street wote waliondoka, na mali zikagawiwa wanajeshi. Mashine ya kufuma haiendeshwi kwa amri ya jeshi. Kipuri kikikatika kinahitaji mtu anayejua kilikonunuliwa na fedha za kigeni za kukiagiza. Vyote viwili vikakosekana.

Na pamba je? Uganda ilikuwa inatoa zaidi ya marobota 400,000 kwa msimu kabla ya hapo. Baada ya miaka michache ya Amin mkulima alikuwa anapeleka pamba chamani, anarudi na karatasi ya ahadi. Akaing'oa, akapanda muhogo na mahindi, vitu vinavyolika. Hilo ndilo figa lako la pili, na aliyeliangusha anajulikana kwa jina.

Mchangiaji, Kisumu

Wadau, na sisi tusisahaulike. Walukuba, ile mitaa ya wafanyakazi, ilijaa Wajaluo na Wasamia kutoka huku Kenya. Babu yangu alisokota nyuzi huko, na Kiswahili chake alikitolea Jinja, si Nairobi. Oktoba 1970 serikali ya Rais Obote ikaamuru Wakenya wasio na ujuzi maalumu waachishwe kazi, na maelfu wakarudi nyumbani. Amin hakuwa ameingia madarakani! Kazi ya kubagua nani mwenyeji nani mgeni ilianza kabla yake; yeye aliichukua akaifikisha mbali.

Mchangiaji, Mwanza

Swali moja tu kwa ndugu yetu wa Jinja. Tanzania hatukuwa na Amin. Tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa Mwanza, katikati ya wakulima wa pamba, na Urafiki ya Dar iliyojengwa kwa msaada wa Wachina. Kisumu walikuwa na chao, KICOMI. Leo viko wapi? Kama wagonjwa watatu wamekufa na mmoja tu ndiye aliyepigwa rungu, daktari ataandika rungu kwenye vyeti vyote?

Mleta mada

Mwanza umenisaidia kazi. Ndugu wa Jinja, sibishi kwamba 1972 ilivunja mgongo wa kiwanda. Nabisha kwamba ndiyo maelezo yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, kiwanda kilichopangwa kwa ajili ya Kampala, Nairobi na Dar kilibaki na Uganda peke yake, nchi isiyo na fedha. Hata wangebaki wenyewe wa awali, wangemuuzia nani?

Ndiyo maana marufuku ya mitumba hainipi matumaini. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufuta nafuu za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru, Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na 2018 ikasimamishiwa nafuu ya nguo. Tukiiondoa mitumba leo, pengo linazibwa kesho yake na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia. NYTIL yenyewe haikufa, iko chini ya Southern Range Nyanza, na inaishi sana kwa oda za uhakika, sare za jeshi zikiwemo. Funzo liko hapo: ilipata mnunuzi. Serikali ianze na sare za shule, mashuka ya hospitali na magwanda ya askari wote, kwa mikataba ya miaka mingi. Hapo pamba ya Busoga itakuwa na pa kwenda bila kupanda meli.

Mchangiaji, Jinja

Magwanda sawa, serikali inalipa. Sare za shule analipa mzazi. Ukimfungia mzazi wa Walukuba mwenye watoto wanne anunue kitambaa cha kiwanda kimoja tu, bei ataipanga nani? Jibu hilo kwanza, halafu nitakuunga mkono.