Bango la kocha mpya Yanga: rangi ya mafuta au ya maji?

fundi_mabango (Tandika), 19 Oktoba 2025

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Tandika. Vibao vya saluni, bei za chipsi, "Usikojoe hapa, faini 50,000", hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Mabango ya tawi letu la Yanga nayaandika bure, malipo yangu ni kiti cha mbele kibanda umiza.

Nina kitambaa cha marekani, mita sita. Mwaka 2023 kilikuwa kimeandikwa PROFESA NABI, kocha wetu wa wakati huo. Nabi alipoondoka nikakipiga rangi nyeupe, nikaandika MASTER GAMONDI. Novemba 2024 Azam wakatufunga 1-0, siku tano baadaye Tabora United wakatupiga 3-1, Gamondi kwaheri. Nyeupe tena. Alipokuja Ramovic nikajifanya mjanja, sikuandika jina, niliandika GUSA ACHIA TWENDE KWAO, kwamba mtu akiondoka maneno yatabaki. Februari kaenda zake Belouizdad ya Algeria na maneno kaondoka nayo. Hamdi hata bango hakupata. Kaja Februari hiyo hiyo, Juni katupa ubingwa kwa kumpiga Mnyama, yaani Simba, 2-0, kaaga. Kitambaa chenyewe sasa kigumu kama bati, ukikikunja kinalia.

Baada ya suluhu na Mbeya City vijana wa tawi walikuja na kitambaa kipya, wakataka FOLZ OUT, kumkataa Folz, kocha aliyekuja baada ya Hamdi. Niliandika. Herufi nyeusi zenye kivuli cha njano, zimekaa vizuri kwa kweli. Jana tumefungwa na Silver Strikers ya Malawi 1-0 kule Lilongwe, Ligi ya Mabingwa Afrika, na kabla hata sijalala tangazo likatoka: Folz si kocha wetu tena. Vijana wakashangilia utadhani tumeshinda. Mimi niliyeandika ugali haukupita.

Swali langu: marudiano ni Jumamosi hii, deni ni goli moja. Kulikuwa na haja ya kumtoa mtu katikati ya mechi mbili? Halafu tawi wameshaniagiza niandae kitambaa cha anayekuja. Nitumie rangi ya mafuta au ya maji?

Nawasilisha.

mzee_wa_mzunguko

Marahaba kijana.

Tumia ya maji. Na haja haikuwepo.

Nyie vijana mnamkumbuka Nabi wa 2023 aliyetufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger. Mimi namkumbuka Nabi wa 2021. Mechi yake ya kwanza, Aprili, kafungwa na Azam. Julai kaenda Kigoma fainali ya FA, kafungwa na Simba 1-0. Septemba Rivers United wa Nigeria wakatutoa Ligi ya Mabingwa, 1-0 hapa, 1-0 kwao. Nilikuwa nimekaa na marehemu rafiki yangu, akaniambia "huyu Mwarabu kesho hayupo". Akawepo. Msimu ule ule tukachukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi.

Mwaka uliofuata Al Hilal wakatutoa tena, tukashukia Shirikisho. Sare hapa na Club Africain bila goli, watu wakaanza kutukana. Aziz Ki akaenda kufunga Tunis. Bila goli lile hiyo fainali mnayoisimulia isingekuwepo. Kwa kipimo cha leo, Nabi angekuwa ameshafukuzwa mara tatu.

neema_jangwani

Shikamoo mzee, lakini hapo kwa Nabi sikubaliani na wewe.

Nabi alikabidhiwa nyumba haina paa. Diarra, Aucho, Djuma Shaban, Mayele, wote waliingia 2021 akiwepo, ukimwangalia unaona mtu anajenga. Folz kakabidhiwa nyumba ina feni na maji ndani. Bingwa mara nne mfululizo! Pacome yupo, Diarra yupo. Halafu tunacheza mpira wa kuviziana.

Septemba 16 nilikuwa uwanjani, Ngao ya Jamii, tukamfunga Simba 1-0. Nimemfunga mtani, natakiwa niimbe mpaka Kariakoo. Nimetoka pale na njaa. Mume wangu akaniuliza "mmefungwa?" Nikamwambia hapana, tumeshinda. Hakuniamini mpaka akaangalia simu.

Na hili la kusema kubadilisha makocha kunaua timu, naomba ushahidi. Gamondi katimuliwa watu wakalia, mimi mwenyewe nililia, mtu aliyetupa ile tano-moja ya Simba! Ramovic kaanza kwa kupigwa 2-0 na Al Hilal, 2-0 na MC Alger. Lakini mwisho wa msimu kombe la ligi lilikaa wapi? Jangwani.

mzee_wa_mzunguko

Lilikaa Jangwani la ligi, mwanangu. Huko Afrika tuliishia makundi. Msimu mmoja nyuma Gamondi alitufikisha robo fainali, Sundowns wakatutoa kwa penalti baada ya sare mbili za bila bila. Ligi ya hapa unaweza kuibeba kwa wachezaji wazuri tu. Nje ya hapa kocha asiyewajua wachezaji wake unamwona dakika ya kumi.

mnyama_mbagala

Hodi humu. Nimekuja kuchungulia msiba.

Novemba 2023 baada ya ile mkono yenu, hiyo tano-moja, sisi Simba tulimtimua kocha wetu Robertinho ndani ya siku mbili, mkatucheka mwezi mzima. Akaja Benchikha, Aprili akaondoka. Zaidi ya Kombe la Muungano hatukupata kitu. Fadlu alipoachiwa msimu mzima tukafika fainali ya Shirikisho. Kisha naye kaondoka mwenyewe, Septemba hii, kwa hiyo sina cha kuringia, ubingwa wa ligi tangu 2021 nausikia kwenu tu. Ila nawaambia kama jirani: huo ugonjwa tumeshaugua.

Fundi, FOLZ OUT umelipwa shilingi ngapi? Nina kazi.

fundi_mabango

@mnyama_mbagala kwako nitachora, ila rangi nyekundu sinunui, utaleta mwenyewe.

Dada Neema umenigusa hapo kwa njaa. Mbeya City niliitazama yote, kwenye benchi la kibanda watu watatu walisinzia, mmoja mimi. Mpira ulikuwa mbaya, sikatai. Kinachonisumbua ni ule upesi wake. Jumamosi atasimama Mabedi, alikuwa msaidizi, na mazoezi ni ya siku chache. Tukitolewa tutamfukuza nani?

neema_jangwani

Hatutolewi.

fundi_mabango, 25 Oktoba, usiku

Dada Neema, yako imekuwa. 2-0, Job na Pacome, tumeingia makundi. Sauti sina. Kibanda chote tulikuwa tumesimama, mwenye kibanda anagomba tunamvunjia mabenchi.

Kocha mpya ni Mreno, Pedro Gonçalves, yule aliyeipeleka Angola robo fainali ya AFCON kule Ivory Coast. Nimeshauliza jina linavyoandikwa, kuna C ina mkia. Nimeifanyia mazoezi ukutani.

Nikawauliza vijana wa tawi kitambaa kiko wapi. Wakaniletea kile cha FOLZ OUT. Wanataka nifute FOLZ, ile OUT niiache kama ilivyo, wanasema imekaa vizuri na itatufaa.

Nimewaambia hiyo sasa ni ya kulipia.