Kupika dizeli ya injini: alizeti, mafuta ya chipsi au shahamu ya ng'ombe?

Mkulima_Uyole: Wakuu, nataka kutengeneza dizeli ya shambani. Alizeti ghafi ipo, mafuta yaliyokaangia chipsi yapo mjini, na machinjioni kuna shahamu. Nianze na nini?

FundiPampu: Injini gani mkuu? Pawatila ya silinda moja huvumilia mengi. Gari la komoni reli (dizeli ya kisasa yenye pampu ya shinikizo kubwa) usiliguse. Na itafanya kazi Uyole au Usangu?

Nyanda: Shahamu achana nayo. Dizeli yake huanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi, na Uyole usiku wa Juni ni chini ya 10. Asubuhi filta imeziba. Mawese ya Kyela ni yale yale. Ya alizeti huvumilia hadi karibu na sifuri.

FundiPampu: Usangu kuna joto, shahamu inafaa, tena huwaka upesi kuliko alizeti. Halafu kuchoma mafuta ya kula ni hasara! Chukua ya chipsi.

MamaSabuni: Ya chipsi sawa, ila pima asidi kwanza. Chuja, chemsha hadi maji yaishe, yapoe hadi nyuzi 55. Mililita 1 ya mafuta iweke kwenye mililita 10 za spiriti ya aisopropili pamoja na unga kidogo wa manjano (kiungo cha pilau). Dondoshea maji yenye gramu 1 ya kostiki (sodiamu haidroksaidi) kwa lita mpaka rangi iwe nyekundu. Kila mililita iliyoingia ni gramu 1 ya kuongeza juu ya zile 3.5 za kila lita ya mafuta. Kostiki yote iyeyushe kwenye methanoli (aina ya alkoholi) mililita 200 kwa kila lita ya mafuta, mimina kwenye mafuta, koroga saa nzima, acha usiku kucha gliserini, yale majimaji mazito, itue chini. Wengi huharibu kwa haraka: maji yakibaki, kostiki inatengeneza sabuni, gliserini haijitengi, pipa zima linakuwa uji. Na kuosha dizeli iliyobaki juu ni kwa maji ya vuguvugu polepole. Ukitikisa kwa nguvu unapata povu zito lisilotulia.

Kijana_Tukuyu: Gongo haiwezi kushika nafasi ya methanoli?

MamaSabuni: Hapana mwanangu, ina maji mengi, utapata sabuni. Na methanoli hupofusha, hata mvuke wake ni sumu. Fanyia nje, moto uwe umezimwa.

FundiPampu: Dizeli hii hubandua uchafu wa zamani kwenye tangi. Weka filta ya akiba, na mipira ya kawaida ya mafuta hulainika, ibadilishe.

Mkulima_Uyole: Ni pawatila, hapa hapa Uyole. Gliserini naiuza?

MamaSabuni: Ina methanoli bado, usiipeleke kwenye sabuni ya kuogea.

Nyanda: Bado hujasema lita ngapi kwa wiki. Methanoli unaipata wapi?