Kamera za waifai au za waya? Nyumba iko Raskazone, Tanga

Mchumbageni: Wakuu salaam. Kesho kutwa natoa hela, naomba ushauri. Nataka kufunga kamera nne nyumbani Raskazone. Fundi mmoja anasema nichukue za waifai, zile zinazozungusha shingo. Mwingine anasema za waya na boksi la kurekodi, bei karibu mara mbili. Nasikia za waifai zinadukuliwa. Nishike lipi?

FundiWaya: Hujasema intaneti ni ya nini, nani anakaa humo, wala utatazama ukiwa wapi. Hapa hatupigi ramli.

Mchumbageni: Samahani mkuu. Ruta ya laini. Anakaa mama na binti wa kazi, mimi niko Dodoma.

FundiWaya: Waya. Ila boksi nalo ukiliunganisha na intaneti, ulilolikimbia limekufuata. Mwaka 2016 kirusi Mirai kiliingia kwenye kamera na maboksi hayo kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, kikayatumia kuishambulia Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti. Twitter na Netflix zikakwama, wenye kamera hawana habari.

BiNgamiani: Jamani mie yalinikuta. Kamera ya balbu, ile inayofungwa pahala pa taa, sebuleni. Siku moja baada ya isha nakunja nguo, nasikia krrr, inageuka. Nikahamia kochi la pili, ikanifuata! Nikampigia mwanangu Maskati, we unanichungulia? Akasema mama niko kazini, simu nimeifungia kabatini. Nikaitupia kanga. Jirani akasema hilo jini, aitwe shekhe asome. Kumbe jini ni kijana wa fundi! Siku ya kufunga waliisajili kwa simu yake "kujaribu tu", wala hakuifuta. Miezi minne ananitazama kichwa wazi. Kanga iko pale pale hadi leo.

MvuviSahare: Pole bi mkubwa. Ndiyo maana nasema fuga mbwa. Mbwa hana neno la siri.

KijanaWaKange: Mbwa anarushiwa nyama ya sumu, kwisha. Mkuu chukua waifai, sajili kwa simu yako mwenyewe, badili neno la siri siku hiyo hiyo, ziweke kwenye mtandao wa wageni wa ruta, ule wa pembeni usiochanganyika na simu zenu. Washa uhakiki wa hatua mbili, yaani mbali na neno la siri inataka na namba ya kwenye simu yako. Na zikiomba kusasishwa usiseme "baadaye".

FundiWaya: Hizo za bei chee nyingine hata huo uhakiki hazina. Angalia kabla hujalipa.

MvuviSahare: Waya Raskazone? Chumvi ya bahari itakula viungio. Kwangu skrubu ziligeuka unga mwekundu.

FundiWaya: Nani alikufungia? Viungio vinakaa ndani ya kiboksi, vinapakwa grisi.

MvuviSahare: Nilifunga mwenyewe.

FundiWaya: Ahaa.

BiNgamiani: Mchumbageni, mama yako umemuuliza lakini? Na huyo binti?

KijanaWaKange: Kamera za nje tu bi mkubwa, ndani za nini.

BiNgamiani: Nimemuuliza yeye.

MvuviSahare: Nina vitoto vya mbwa vitatu, vimeshaacha kunyonya. Anayetaka anifuate inboksi.

KijanaWaKange: Mama yao mkali?